Ishara Mkononi mwa Mwanamaji: Historia ya Beji za Fani na Suala la Umiliki wa Jina

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena: usione vyaelea, vimeundwa. Methali hii aghalabu hutumiwa kumkumbusha mtu kwamba fanaka anayoiona kwa mwenzake imegharimu jasho. Hata hivyo, maana yake ya msingi ni ya chombo cha baharini, na chombo hakielei kwa mbao na misumari pekee. Huelea pia kwa ujuzi wa watu waliomo. Katika manowari, ujuzi huo hutangazwa waziwazi. Kwenye mkono wa shati la baharia hushonwa alama ndogo: nanga mbili zilizopishana, mizinga miwili, kalamu mbili za unyoya, rafadha au miali ya radi. Anayejua kuisoma alama hiyo hutambua, kabla ya baharia kufungua kinywa, kwamba mbele yake amesimama serahangi, fundi wa mizinga, karani, fundi wa mitambo au mtu wa redio.

Makala hii inafuatilia historia ya alama hizo, ambazo zitaitwa beji za fani. Neno fani linatumika hapa kwa maana ya kazi maalumu yenye mafunzo yake, wala si kwa ile maana ya umbo la kazi ya sanaa iliyozoeleka katika uhakiki wa fasihi. Chimbuko la beji hizi litaangaliwa kwa ufupi nchini Uingereza, kisha uchambuzi utaelekezwa kwa Jeshi la Wanamaji la Marekani, ambako mwaka 2016 palizuka mgogoro mkubwa kuhusu majina ya fani hizo. Hoja inayotetewa ni kwamba ishara ya kazi hutungwa na mamlaka, lakini hatimaye humilikiwa na wale wanaoibeba. Hoja hii inawahusu moja kwa moja wanafunzi wa Kiswahili, kwa kuwa suala la nani mwenye haki ya kuipa kazi jina ndilo kiini cha mijadala ya uundaji wa istilahi.

2.0 Mwelekeo wa Kinadharia

Uchambuzi huu unaegemea semiotiki, yaani taaluma ya ishara. Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1916 baada ya kufa kwake, alieleza kuwa ishara ina pande mbili: kiashiria, ambacho ni umbo linalosikika au kuonekana, na kiashiriwa, ambacho ni dhana inayoibuliwa na umbo hilo. Uhusiano wa pande hizi mbili, kwa mujibu wake, ni wa kinasibu: umetokana na makubaliano ya jamii. Charles Sanders Peirce, kwa upande wake, alizigawa ishara katika makundi matatu. Kuna ikoni, ambayo hufanana na kinachorejelewa. Kuna kielekezi, ambacho huambatana na kinachorejelewa kama moshi unavyoambatana na moto. Na kuna ishara ya mapatano, ambayo maana yake hujulikana tu na waliofundishwa.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kwenda mbali ili kuuelewa mfumo wa ishara zilizo juu ya kitambaa. Leso ina pindo, ina mji, na ina maandishi ambayo wenyewe huyaita jina. Leso isiyo na jina huonekana kuwa na upungufu, hata rangi zake zikipendeza namna gani. Tena jina hilo hutungwa na mtu asiyejulikana na kuchapishwa kiwandani, lakini likishavaliwa huwa ni kauli ya mvaaji, wala hakuna anayemuuliza mwenye kiwanda alikusudia nini. Wazo hili la kitambaa chenye jina, ambalo likishavaliwa huwa la mvaaji, litarejelewa katika sehemu zinazofuata.

3.0 Chimbuko: Mkono Ulinena Kabla ya Sare

Katika Jeshi la Wanamaji la Uingereza, maafisa wenye kamisheni walipewa sare rasmi mwaka 1748. Mabaharia wa kawaida waliendelea kuvaa walichokuwa nacho, au walichonunua melini, kwa zaidi ya karne moja baadaye. Sare yao rasmi iliwekwa mwaka 1857. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba beji zilitangulia sare hiyo. Mwaka 1827, maafisa wadogo, yaani mabaharia wenye madaraka walio baina ya baharia wa kawaida na afisa mwenye kamisheni, waliruhusiwa kuvaa alama mkononi. Wa daraja la kwanza walivaa nanga yenye taji juu yake. Wa daraja la pili walivaa nanga tupu. Mwaka 1849 zikaongezwa tepe za mwenendo mwema.

Mpangilio huu wa matukio una maana. Kwa miaka thelathini, baharia wa Uingereza aliweza kuwa na alama rasmi mkononi ilhali shati lenyewe halikuwa rasmi. Hii inaonyesha kwamba haja ya kutofautisha watu ilihisiwa mapema kuliko haja ya kuwafananisha.

Hapo mwanzo, hata hivyo, alama hizo zilionyesha cheo na mwenendo tu. Hazikueleza kazi. Kilichosababisha kuzuka kwa beji za fani ni mabadiliko ya chombo chenyewe. Katika enzi ya matanga, baharia hodari alitakiwa kujua karibu kila kitu: kupanda mlingoti, kukunja tanga, kufunga fundo, kuvuta makasia na kusukuma mzinga. Injini ya mvuke, mizinga mipya na baadaye umeme viliuvunja umoja huo wa ujuzi. Mwaka 1830 Uingereza ilianzisha shule ya upigaji mizinga katika meli iliyoitwa HMS Excellent, huko Portsmouth. Shule huzaa wahitimu, nao wahitimu huhitaji kutambulikana. Si ajabu, basi, kwamba wapiga mizinga walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuvaa alama ya ujuzi wao. Walifuatwa na watu wa torpedo, wapeleka ishara kwa bendera, wafanyakazi wa injini, na hatimaye wapiga simu za upepo.

4.0 Beji za Fani katika Jeshi la Wanamaji la Marekani

Marekani iliiga mengi kutoka Uingereza, lakini ikaujenga mfumo wake kwa namna yake. Kanuni za sare za mwaka 1841 ziliwapa maafisa wadogo alama ya tai aliyetua juu ya nanga. Baadhi yao, kama wasaidizi wa serahangi na wasaidizi wa fundi wa mizinga, waliivaa katika mkono wa kulia. Wengine waliivaa katika mkono wa kushoto. Alama ilikuwa moja kwa wote, na upande wa mkono ndio uliotenganisha makundi. Kwa lugha ya semiotiki, nafasi ya ishara ilikuwa sehemu ya ishara.

Mwaka 1866 kanuni mpya zilileta alama mahususi za fani. Mwaka 1885 maafisa wadogo waligawanywa katika madaraja matatu, na mwaka uliofuata vipengele vyote viliunganishwa: tai juu, alama ya fani katikati, na tepe za daraja chini. Cheo cha afisa mdogo mkuu kilianzishwa tarehe 1 Aprili 1893, na kufikia mwaka 1894 beji ilikuwa imepata sura inayofanana sana na ile inayovaliwa hadi leo. Tofauti ya mikono ilidumu kwa muda mrefu. Fani za ubaharia wenyewe, kama zile za nanga, usukani na mizinga, zilivaliwa mkono wa kulia, nazo zilihesabiwa kuwa na heshima ya kutangulia. Kufikia mwaka 1949 utaratibu huo ulifutwa, na beji zote zikahamia mkono wa kushoto.

Beji hii, basi, ina sarufi yake. Tai hueleza kwamba mvaaji ni afisa mdogo. Tepe hueleza daraja lake. Alama ya katikati hueleza kazi yake. Sehemu hizi hupangwa kwa utaratibu usiobadilika, mithili ya viambishi katika kitenzi cha Kiswahili, na kila sehemu ikibadilishwa maana nzima hubadilika. Muundo kama huu huwezesha fani mpya kuongezwa bila ya kuubomoa mfumo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kwa mfano, jeshi lilihitaji wataalamu wengi kwa haraka hata nafasi ya kuwabunia picha ikakosekana. Wakapewa herufi ndani ya umbo la almasi, nao walikuwa ni watu wa kazi mbalimbali, wakiwemo hata wafunza njiwa waliopeleka ujumbe.

5.0 Kutoka Ikoni hadi Ishara ya Mapatano

Alama nyingi za fani zilianza zikiwa ikoni. Serahangi alishughulika na nanga, naye akapewa nanga mbili zilizopishana. Mshika usukani alipewa gurudumu la usukani. Seremala alipewa mashoka mawili. Karani alipewa kalamu mbili za unyoya, na mpeleka ishara akapewa bendera mbili. Yeyote aliyepanda meli ya wakati huo angeweza kuviona vitu hivyo na kuelewa.

Vitu hivyo vikabadilika, au vikatoweka, ilhali alama zikabaki. Karani wa manowari ya leo anafanya kazi kwa kompyuta, na hapana shaka kwamba hajawahi kuchovya unyoya katika wino. Lakini kalamu mbili za unyoya zingali mkononi mwake. Fundi wa mizinga hushughulika na makombora na mitambo ya kisasa, na huku amevaa mizinga ya zamani iliyojazwa kwa mdomoni. Beji, kwa hivyo, imesafiri kutoka kundi moja la Peirce hadi jingine. Imeacha kuwa ikoni, kwa kuwa haifanani tena na kazi, na imekuwa ishara ya mapatano inayohitaji kufundishwa. Lakini kuna kilichoongezeka pia. Kalamu ya unyoya sasa haisemi tu kwamba huyu ni karani. Inasema kwamba huyu ni mrithi wa makarani. Kilichopotea katika kufanana kimefidiwa na historia.

Nanga yenyewe ina kitendawili chake. Katika alama ya afisa mdogo mkuu wa Marekani, kama ilivyo katika alama ya kale ya makao makuu ya wanamaji wa Uingereza, nanga huonyeshwa ikiwa imezongwa na amari. Kwa baharia wa kweli, nanga iliyozongwa ni balaa, kwa maana haishiki vizuri wala haing'oki kwa urahisi. Hata hivyo, picha hiyo ya balaa ndiyo iliyofanywa alama ya heshima. Mabaharia huieleza wenyewe kuwa ni taswira ya matatizo ambayo mkuu hutarajiwa kuyatatua. Haijalishi kama mchoraji wa kwanza alikusudia hivyo, kwa kuwa wabebaji wameshaipa alama hiyo maana yao.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa tai. Tai ni nembo ya taifa la Marekani, na waliomweka juu ya beji walitaka aheshimiwe. Mabaharia walimtazama alivyodariziwa, ndege mweusi juu ya shati jeupe, wakamwita kunguru. Jina hilo limedumu, na hadi leo baharia anayepandishwa cheo husemwa kuwa amepata kunguru wake. Mamlaka iliumba kiashiria. Mabaharia wakakipa jina la mzaha na la mapenzi, na jina hilo ndilo linalotamkwa midomoni mwao.

6.0 Beji kama Mlango na kama Ukuta

Itakuwa kosa kuzisifu beji hizi bila ya kuutazama upande wake wa pili. Ishara inayosema huyu ni nani husema pia nani siye. Historia ya Doris Miller inalidhihirisha jambo hili.

Miller alikuwa Mmarekani mweusi kutoka jimbo la Texas. Alipojiunga na jeshi la wanamaji mwaka 1939, watu wa rangi yake walipokelewa kwa kazi za jikoni na mezani tu: kupika, kuandalia maafisa chakula, kutandika vitanda na kukusanya nguo chafu. Fani ya mizinga haikuwa wazi kwake. Asubuhi ya tarehe 7 Desemba 1941, ndege za Japani ziliposhambulia bandari ya Pearl Harbor, Miller alikuwa katika manowari USS West Virginia akikusanya nguo za kufuliwa. Alisaidia kumbeba nahodha wake aliyekuwa amejeruhiwa vibaya, kisha akashika bunduki ya rashasha ya kutungulia ndege, ambayo hakuwahi kufundishwa kuitumia, akaifyatua hadi risasi zilipokwisha. Mei 1942 Admirali Chester Nimitz alimvisha nishani ya Navy Cross, naye akawa mtu mweusi wa kwanza kuipata.

Kwa muda ule, mkono wa Miller na beji ya mkono huo vilipingana. Beji ilisema jiko. Mkono ulifanya kazi ya mzinga. Aliyekosea hakuwa Miller. Kiashiria kilikuwa kimefungwa kwa amri ya ubaguzi ili kisiweze kueleza uwezo wa aliyekivaa. Kuanzia tarehe 1 Juni 1942 jeshi lilianza kuwapokea watu weusi katika fani nyingine, ingawa ubaguzi haukwisha siku hiyo. Miller mwenyewe aliuawa mwezi Novemba 1943 meli yake, USS Liscome Bay, ilipozamishwa katika bahari ya Pasifiki. Alikufa akiwa bado ni mpishi. Mwaka 2020 ilitangazwa kuwa manowari mpya ya kubebea ndege za kivita itapewa jina lake.

Neno nalo huweza kuufungua mlango ambao desturi imeufunga. Sheria ya mwaka 1916 iliyohusu akiba ya wanamaji wa Marekani ilizungumzia watu, bila ya kutaja kuwa lazima wawe wanaume. Waziri aliyehusika, Josephus Daniels, aliitumia nafasi hiyo, na mwezi Machi 1917 Loretta Walsh akaandikishwa kuwa karani wa wanamaji. Zaidi ya wanawake 11,000 walimfuata katika vita vile. Mlango huo ulifunguliwa na nomino moja isiyobainisha jinsia.

7.0 Mgogoro wa Mwaka 2016

Nomino zilezile ndizo zilizoleta mtafaruku karibu miaka mia moja baadaye. Majina mengi ya fani katika Kiingereza yalikuwa na kipashio chenye maana ya mwanamume. Mwanzoni mwa mwaka 2016, Waziri wa Jeshi la Wanamaji Ray Mabus aliagiza majina hayo yachunguzwe. Uchunguzi ulikwenda mbali kuliko ilivyotarajiwa. Tarehe 29 Septemba 2016 ilitolewa amri ya kuyafuta majina yote ya fani. Serahangi, karani, muuguzi na fundi wa mizinga, wote wangeitwa kwa cheo tu, na kazi zao zingetambulishwa kwa misimbo ya herufi na tarakimu. Ilielezwa kuwa utaratibu huo ungerahisisha uhamisho wa mabaharia kutoka kazi moja hadi nyingine, na ungewasaidia kupata ajira uraiani.

Amri hiyo iligusa majina. Beji hazikuvuliwa mikononi. Hapo ndipo lilipo funzo kubwa. Kalamu za unyoya zilibaki zimeshonwa palepale, lakini aliyezivaa hakuwa tena na jina la kuitwa kwalo. Kiashiria cha macho kilitenganishwa na kiashiria cha masikio. Beji ikawa kama leso iliyofutwa jina: rangi zipo, mji upo, lakini kauli haipo.

Mabaharia, walio kazini na waliostaafu, walipinga kwa nguvu. Ombi rasmi lililoelekezwa Ikulu ya Marekani lilitiwa saini na watu zaidi ya 100,000. Tarehe 21 Desemba 2016, kabla ya miezi mitatu kutimia, Admirali John Richardson, mkuu wa operesheni za wanamaji, aliyarudisha majina hayo. Katika jeshi, ambako amri haijadiliwi, jambo hili si la kawaida.

Inafaa kukiri kwamba waliotoa amri walikuwa na hoja. Wanawake walikuwamo katika fani hizo, na haikuwa haki waitwe kwa jina la wanaume. Tatizo lilikuwa ni tiba. Badala ya kuyatengeneza machache yaliyokuwa na kasoro, amri iliyafuta yote, na waliokuwa wakiitwa kwa majina hayo hawakuwa wameyaacha. Mwacha asili ni mtumwa, lakini asiyeacha asili akanyang'anywa hujihisi kuwa mtumwa zaidi.

8.0 Funzo kwa Kiswahili

Mgogoro huo usingezuka kwa sura ileile katika Kiswahili. Neno mwanamaji limeundwa kwa mwana na maji, na mwana huyo aweza kuwa wa kike au wa kiume. Baharia, serahangi na nahodha nayo hayabainishi jinsia. Lakini swali la umiliki wa majina linakihusu Kiswahili kikamilifu.

Pwani ya Afrika Mashariki ina hazina kubwa ya majina ya fani za baharini. Nahodha na serahangi yana asili ya Kiajemi. Rubani, ambaye kwanza alikuwa mwongoza chombo baharini kabla ya kuhamia angani, ana asili ya Kiarabu. Manowari imetoholewa kutoka Kiingereza. Maneno haya hayakuundwa na kamati. Yaliingia kwa tanga na upepo wa kaskazi, yakatiwa chumvi ya matamshi ya wenyeji, na yakawa mali yao. Nahodha leo anaongoza timu ya kandanda bila ya kuona maji, kama vile karani wa manowari anavyovaa unyoya asioutumia. Neno nalo limetoka kwenye chombo likabaki na heshima ya chombo.

Mombasa ilikuwa makao ya jeshi la wanamaji la Afrika Mashariki la wakati wa ukoloni, lililovunjwa mwaka 1962, na Jeshi la Wanamaji la Kenya likaanzishwa Desemba 1964. Mfumo wa vyeo na fani uliorithiwa ulikuwa wa Kiingereza. Mwanaistilahi atakayetaka kuipa mifumo ya aina hii majina ya Kiswahili ana njia mbili. Anaweza kuketi ofisini na kutafsiri orodha neno kwa neno. Au anaweza kuteremka Lamu, Mombasa na Vanga, akawasikiliza wanaovuta amari na kushika usukani. Njia ya kwanza ni ya haraka. Tukio la mwaka 2016 linaonyesha hatari yake: jina lililotolewa au kufutwa bila ya mwenyewe kushirikishwa halidumu.

9.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba beji za fani zilizuka kutokana na mgawanyiko wa ujuzi katika manowari za karne ya 19. Kwamba alama zake zimehama kutoka ikoni hadi kuwa ishara za mapatano zilizobeba historia. Na kwamba zimetumika kufungulia watu mlango na kuwajengea ukuta. Zaidi ya yote, imebainika kuwa mamlaka ina uwezo wa kuchora tai, lakini haina uwezo wa kuwazuia mabaharia wasimwite kunguru. Wanafunzi wa Kiswahili wanaoingia katika kazi ya uundaji wa istilahi wanahimizwa kulikumbuka hilo. Kabla ya kuipa kazi jina, sharti aulizwe anayeifanya anaiitaje.